Mwenyekiti wa kijiji (LC1) aulize kabla ya kugonga muhuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoota mizizi huku kwetu Arua, Uganda, na ambayo naamini haikuishia hapa. Mtu anayekopa fedha za karo au za matibabu kwa mkopeshaji binafsi huacha kwake kitambulisho cha taifa, na mara nyingi kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, mpaka deni liishe. Wengi hudhani kwamba ndivyo sheria inavyotaka, ilhali kanuni za wakopeshaji fedha za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji, zinamkataza mkopeshaji kudai au hata kupokea vitu hivyo kuwa dhamana.

Madhara yake ni makubwa kuliko deni lenyewe. Mama aliyepoteza laini ya simu hawezi kusajili nyingine bila kitambulisho, na akiba yake ndogo iliyomo katika simu hubaki humo humo. Mwalimu aliyetoa kadi na namba ya siri hulipwa mshahara unaochukuliwa na mtu mwingine kabla yeye hajauona, wala hana njia ya kujua kama kilichokatwa kinalingana na walichokubaliana. Huo si mkopo tena. Ni utumwa wa mwisho wa mwezi, na inanisikitisha kwamba tumeuzoea.

Mamlaka inayotoa leseni kwa wakopeshaji, UMRA, ipo Kampala na hupokea malalamiko ya wananchi. Lakini mtu wa kijijini hamfikirii mdhibiti wa Kampala siku anapotafuta fedha usiku mgonjwa akiwa amezidiwa. Anayemfikiria ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa kuwa mikataba mingi ya namna hii hupelekwa kwake ili aishuhudie na kuigonga muhuri. Kwa hiyo naona kinga ya kaya ianzie mezani kwake. Amwombe mkopeshaji leseni na kuhakikisha kuwa ni ya mwaka huu, kwa sababu leseni hizo huisha kila tarehe 31 Desemba. Asome riba iliyoandikwa, akijua kwamba serikali imeweka kikomo cha asilimia 2.8 kwa mwezi. Na akiona kitambulisho kimewekwa rehani, muhuri wake ubaki kwenye droo.

Kwa madai ya bidhaa mbovu, kodi ya nyumba au deni lisilozidi shilingi milioni 10, mwenyekiti huyo anaweza pia kumwelekeza mkazi kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, ulioanzishwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambako mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu na mdai hujieleza mwenyewe. Kwanza humpelekea mdaiwa notisi ya maandishi ya siku 14.

Naiomba UMRA iwafikishie wenyeviti wa LC1 kanuni hizi zikiwa zimechapishwa kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kwenye karatasi moja inayoweza kubandikwa ukutani. Nawe Mhariri, nakuomba uzichapishe katika gazeti hili kabla muhula ujao wa masomo haujafunguliwa, maana huo ndio wakati ambao wazazi wengi hukopa.

Msomaji wenu,
Arua