Kabla hujaipiga saruji nyumba ya babu

Simu nyingi tunazopokea huanza hivi: "Fundi, kuna nyumba ya babu shamba, ya udongo. Nataka muipige plasta ya saruji ipendeze, mwezi wa nane tuna arusi." Tukijibu kwamba kazi hiyo hatuifanyi, mteja hunyamaza kidogo. Tunachoomba ni kuja kuitazama kwanza, na tukija tunaanza na jembe, mwiko baadaye.

Nyumba tunayoiita ya udongo ni nyumba ya miti iliyovishwa udongo. Uvue udongo wote, nyumba bado imesimama. Zing'oe nguzo, udongo utalala chini siku hiyo hiyo. Nguzo huchimbiwa futi mbili hivi, na juu yake hulazwa mtambaapanya, mti mrefu unaofuata ukuta kutoka pembe hadi pembe. (Aliyeupa jina hilo bila shaka alikuwa akilala kwenye nyumba za namna hii na kusikiliza.) Kutoka hapo kombamoyo, miti inayobeba paa, hupanda hadi kwenye mwamba, mgongoni mwa paa, na juu ya kombamoyo hupita pao za kufungia makuti. Ukutani, fito hufungwa kwa kulala, ndani na nje ya nguzo, na nafasi inayobaki katikati hujazwa mawe madogo na udongo uliokandwa kwa miguu. Ukuta huo ndio kiambaza. Bila saruji wala nondo, na ukijengwa na mtu anayejua, unafika kwa wajukuu.

Wengi wanauonea haya. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, akaandika kwamba umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwepo tayari, lakini miti ndiyo aliyoiandika. Na Shanga, kisiwani Pate, waakiolojia walipochimba chini ya msikiti wa mawe walikuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti iliyotangulia, wa zamani zaidi ukiwa wa karne ya 8. Mti huoza ukaisha, lakini shimo lake hubaki kwenye ardhi na rangi yake tofauti. Sisi pia tunayasoma mashimo hayo, kwa sababu za kawaida zaidi: kujua ukuta ulihamishwa lini na kwa nini.

Juni iliyopita tulikwenda kwenye shamba la minazi upande wa kaskazini wa Pangani. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam. Anayekaa humo ni mama yake mdogo. Kaka huyu alituhakikishia kwenye simu kwamba nyumba ilijengwa kabla Wajerumani hawajaja. Tulipofungua kipande cha ukuta upande wa kulia wa ukumbi, tukakuta fito za kwanza kabisa, chini ya matabaka yote ya udongo, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche iliyotoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Miche 62 haitoi kamba za kufungia nyumba za watu mwaka ule wala wa pili yake. Upande wa kushoto fito zilipigwa misumari, hakuna kamba hata moja. Kwa hiyo nyumba ilianza nusu, kisha ikaongezwa. Mteja hakufurahi sana, maana tulimpunguzia ukoo miaka. Mama mdogo akacheka: "Chumba hiki cha kushoto mimi ndiye nilikuwa nampelekea baba maji ya kukandia."

Shida yenyewe ilikuwa nyuma, upande wa uani. Miaka michache iliyopita fundi mwingine aliupiga ukuta ule wavu wa kuku na plasta ya saruji, akapaka rangi. Kwa macho, ndio ulikuwa ukuta mzuri kuliko yote. Tulipougonga ulilia kama debe tupu.

Udongo hunyonya maji wakati wa mvua ukavimba, jua likitoka unayaachia ukanywea. Saruji ni ngumu, haivimbi pamoja nao, kwa hiyo baada ya masika moja au mbili huachana na udongo na kupata nyufa. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuingiza maji, ila hautoshi kuyatoa. Yanashuka nyuma ya plasta hadi chini na kukaa hapo hapo penye mguu wa nguzo. Tena nguzo haiozi kuanzia kwenye ncha iliyo chini kabisa. Huoza usawa wa ardhi, penye unyevu na hewa pamoja. Mchwa nao wanapata njia ya kupanda iliyositirika, na mwenye nyumba haoni kitu mpaka mlango unapoanza kugoma kufunga. Kati ya nguzo 9 za ukuta ule, 6 zilikuwa hazina mguu. Paa lilikuwa limeshikwa na plasta.

Kosa la pili lilikuwa juu. Makuti yanataka paa lenye mwinamo mkali na upenu mrefu, na upenu ndio mwavuli wa ukuta. Familia ilipopata bati ikapunguza mwinamo, ikakata upenu ili kuokoa mabati mawili. Bati halikuwa na kosa. Lakini tangu siku hiyo kila tone liliangukia kwenye mguu wa ukuta, na matope yakawa yanaruka juu hadi kiunoni.

Tulichofanya: tuliiondoa plasta yote, tukashikilia mtambaapanya kwa miti ya muda na jeki mbili za gari, tukakata miguu iliyooza hadi kwenye mti mzima. Chini ya kila nguzo tulimwaga kigingi cha zege kinachotokeza shubiri moja juu ya ardhi, na nguzo ikakaa juu yake, imeungwa kwa mkato wa mshazari na boliti. Hapo saruji tunaitumia bila wasiwasi. Inapendwa chini, haipendwi mwilini. Kisha fito mpya, mawe, udongo. Tabaka la kwanza tuliliacha likauke na kupasuka lenyewe, ndipo tukasiriba la pili jembamba, na mwisho chokaa. Upenu ukarudishwa.

Wateja huuliza kuhusu miti ya mikoko. Ni kweli mkandaa na mkoko ni miti bora kwa nguzo, lakini misitu ya mikoko ni hifadhi na kukata kunahitaji kibali. Miti isiyo na karatasi hatuipokei, hata ikiletwa na jamaa wa mteja usiku. Mara nyingi haihitajiki: nguzo ya zamani ikikatwa mguu, sehemu ya juu bado ni ngumu kuliko mti wowote utakaoukuta sokoni leo.

Bei tunapanga kwa idadi ya nguzo zilizooza, hatutozi kwa ukubwa wa nyumba, ndiyo maana hatutaji bei kwenye simu. Kazi ya udongo tunaifanya kati ya Juni na Septemba, kukiwa kukavu. Ukitupigia Machi tutakuja kuweka miti ya muda ya kushikilia paa tu, na utatusubiri mpaka masika yaishe.

Kabla ya kupiga simu, chukua bisibisi. Fukua udongo kidogo kwenye mguu wa nguzo za pembeni, usawa wa ardhi, uisukume bisibisi kwenye mti kwa mkono bila nyundo. Ikiingia zaidi ya nusu kidole, piga picha, na usimruhusu mtu apande juu ya paa.