Wazazi wenzangu wa Minnesota, tuingie darasa la bunduki pamoja na watoto wetu

Mhariri,

Mwaka jana binti yangu wa miaka 11 alikwenda kulala kwa rafiki yake. Aliporudi alinisimulia, bila wasiwasi wowote, kwamba gereji ya nyumba ile ina bunduki ndefu iliyoegemezwa ukutani kando ya friji. Nikamuuliza alifanya nini. "Niliigusa tu, Baba."

Usiku ule sikupata usingizi. Kosa la kuiacha bunduki pale lilikuwa la mwenye nyumba, na sheria ya Minnesota inahesabu kuwa ni jinai kuweka bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 18 anaweza kuifikia. Lakini jambo lililonikesha lilikuwa langu mimi. Miaka yote niliyomlea sikuwahi kumfundisha chochote kuhusu bunduki ila neno moja tu: usiguse. Naye aligusa.

Naandika kuwasihi wazazi wenzangu kutoka Afrika Mashariki tunaoishi jimboni humu: nendeni na watoto wenu kwenye kozi ya usalama wa bunduki kwa wawindaji, ile inayosimamiwa na Idara ya Maliasili ya Minnesota. Na simaanishi kumshusha mtoto mlangoni kisha kurudi kumchukua saa tatu usiku. Vuta kiti, ukae naye hadi mwisho.

Najua tulikotoka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa, na utotoni mwangu bunduki ilikuwa ama ya polisi ama ya jambazi. Tumekuja na woga huo, na siudharau. Ila hapa, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unapofunguliwa mwanzoni mwa Novemba, majirani zetu hutoka na wajukuu wao kwenda porini. Bunduki zimo katika nyumba ambamo watoto wetu hucheza na katika pikapu wanazopewa lifti. Tangu mwaka 2020 risasi imeongoza kwa kuua watoto na vijana nchini Marekani, kuliko hata ajali za magari. Vifo vingi vya risasi ni vya kuuana na vya kujiua, na darasa la wawindaji haliwezi kuvimaliza. Linaweza kumsaidia mtoto aliyesimama gerejini, mbele ya bunduki, bila mtu mzima karibu.

Kozi tuliyohudhuria mimi, binti yangu na kaka yake wa miaka 13 iliendeshwa na wazee wa kujitolea. Kanuni kuu ni nne: ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, mdomo wa mtutu uelekee daima kusiko na hatari, kijue unacholenga, kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake, kidole kikae nje ya kifyatulio hadi uwe tayari kufyatua. Zinasemwa kwa dakika moja, lakini sababu zake zilituchukua siku kadhaa. Tuliambiwa kwamba risasi ya .22, ile ndogo ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Tulielezwa kwa nini ganda la marisau la geji 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano: ni jembamba kuliko la geji 12, kwa hiyo likitumbukizwa kimakosa katika bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama ndani ya mtutu, na atakayefuatisha ganda la geji 12 nyuma yake atapasukiwa na bunduki usoni. Tulifundishwa kujifunga mkanda kabla ya kupanda dungu lililo juu ya mti, maana wawindaji wengi huumia kwa kuanguka. Mwanangu aliyekuwa akidhani uwindaji ni kufyatua tu alirudi nyumbani akizungumzia nguo za pamba zinavyomgandisha mtu zikilowa.

Siku ya mazoezi ya nje tulifunzwa kuvuka ua wa seng'enge. Bunduki hutolewa risasi kwanza, mmoja anashika zote, mwenzake anavuka, kisha anapokezwa. Nilivuka, nikapokea, nikageuka. Mtutu ukapita mbele ya kifua cha binti yangu. Haikuwa na risasi, ilikuwa imekaguliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo alipaza sauti mbele ya watu wote: "Baba, mtutu!"

Mkufunzi akasimamisha zoezi. Hakunisemesha mimi. Alimwambia binti yangu kwamba alichofanya hapo ndicho alichokuja kufundishwa.

Sisi tumelelewa kwamba mtoto hamkemei baba yake, tena hadharani. Kama ningemshusha mlangoni, angezijua kanuni zote nne na kufaulu mtihani, lakini asingejua kwamba ana ruhusa ya kuzitamka kwa mtu mzima wa nyumbani kwake. Siku atakapokuwa gerejini kwa watu na baba wa rafiki yake akashika bunduki ovyo, atahitaji sauti ile ile. Nimemwambia, na kaka yake nimemwambia, kwamba kwenye bunduki hakuna mkubwa.

Kanisani kuna aliyeniambia kwamba nawafundisha watoto kuua. Namheshimu, nami nilimjibu kwa habari za babu yangu wa Kitui, aliyewinda kwa upinde. Podo lake alilitundika juu kabisa, na vigumba vyenye sumu alivifunga kwa ngozi laini. Wajukuu tulijua sumu ile imetokana na mti gani, inafanya nini mwilini, na kwa nini ngozi ile haifunguliwi na mtoto. Hakuna kati yetu aliyegeuka muuaji kwa kuyajua hayo. Babu hakutuficha podo, alikaa nasi chini yake akatueleza.

Kwa wanaotaka kujua utaratibu: mtoto anaanza kozi akiwa na miaka 11, na cheti chake huanza kutumika anapotimiza 12. Aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979 hawezi kununua leseni ya kawaida ya kuwinda bila cheti, kwa hiyo wengi wetu wazazi tunakihitaji pia kama tuna nia hiyo. Walio hapa kwa viza ya muda waulize wakili kabla ya kushika au kununua bunduki, kwani sheria ya taifa inawawekea masharti makali. Na hakuna anayelazimika kuwinda. Binti yangu amesema hataki, na hatawinda. Kaka yake ataingia porini Novemba hii, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa inayong'aa, nami nikiwa kando yake.

Ombi langu ni kwa viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu hapa Brooklyn Park na kwingineko jimboni. Tunazo kumbi, na wikendi nyingi tunazijaza kwa harusi na harambee. Waombeni wakufunzi waje kutufundishia humo, na awepo mtu wa kutafsiri kwa Kiswahili kwa ajili ya mama na bibi ambao Kiingereza kinawapa shida. Wao ndio wanaobaki na watoto sisi tukiwa kazini usiku.

Mzazi wa watoto wawili,
Brooklyn Park, Minnesota