Msimwite galasa kabla hajashika mpira

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua za wasomaji. Nimefurahi kuona ukurasa wenu wa michezo sasa unagusia futiboli ya Kimarekani, maana huku ninakoishi, Fargo, North Dakota, Jumamosi ya mechi mji mzima unavaa kijani na njano. Lakini mwandishi wenu amenikera kwa neno moja. Amemweka Trey Lance, kijana aliyechezea chuo cha hapa kwetu, kwenye orodha ya magalasa: kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliyechaguliwa mapema, akapewa kila kitu, akashindwa kupata namba.

Kila kitu? Hebu tuhesabu basi.

Nimewahi kufanya kazi ya kufagia majukwaa ya Fargodome, uwanja wa ndani wa timu ya chuo cha North Dakota State. Kazi yetu ilianza watu wakishaondoka: vikombe, bisi zilizokanyagwa, soksi moja ya mtoto ambayo sijui mwenzake ilikwenda wapi. Msimu wa 2019 tulikuwa tunachelewa kuanza, kwa sababu watu walikuwa hawaondoki. Mechi 16, ushindi 16. Lance alirusha pasi 287 na wapinzani hawakunasa hata moja, na 28 kati ya hizo zilikuwa tachidauni, yaani mpira ulifikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani. Kwenye fainali kule Frisco, Texas, Januari 2020, alikimbia na mpira mwenyewe yadi 44 hadi mwisho wa uwanja. Alikuwa na miaka 19.

Ikaja korona. Msimu wa timu yetu ukasogezwa hadi majira ya kuchipua ya 2021, na Lance akacheza mechi moja tu, Oktoba 2020, kisha akajiandaa kwa drafti. (Si ile drafti ya vizibo vya soda. Hii ni siku klabu zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu.) Klabu ya San Francisco 49ers walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili wapande kutoka ya 12 hadi ya 3, wakamchukua. Katika maisha yake yote ya chuo kijana huyu alikuwa amerusha pasi 318. Hapo ndipo hesabu ya mwandishi wenu ilipaswa kuanzia.

Sisi tuliokulia kwenye soka hatuoni tatizo haraka, kwa sababu tunamfikiria kwotabeki kama straika. Straika wa akiba anaingia dakika ya 70, anapiga mashuti mawili, kocha anamwona. Kwotabeki ni kipa. Anacheza mmoja, na asipoumia wala kuvurunda hatoki. Ila kipa wa akiba angalau anadaka kila siku mazoezini, na mipira inayomjia ni ile ile. Kwotabeki wa akiba hana bahati hiyo. Msimu ukishaanza, namba moja ndiye anayechukua karibu zamu zote za mazoezi na kikosi cha kwanza. Namba mbili na namba tatu wanapelekwa upande wa pili kuwaigizia mabeki wao timu watakayokutana nayo wikiendi. Kocha anainua kadi yenye mchoro wa mbinu za wapinzani, wao wanaitazama na kuicheza. Kwa hiyo kijana anashinda wiki nzima akijifunza mbinu za watu wengine.

Hili silisimulii kwa kusikia. Mwanangu ana miaka 16 na ni kwotabeki wa pili katika shule yake. Kila Jumatatu akirudi namuuliza, "Wiki hii wewe ni nani?" Ananitajia jina la kwotabeki wa shule nyingine, namba yake ya jezi, na tabia zake: huyu anakimbilia kulia akibanwa, yule anapiga makofi mara mbili kabla ya kudai mpira. Mwezi uliopita namba moja wao aliteguka kidole, mwanangu akaingizwa. Mbinu ya kwanza aliyowatangazia wenzake haikuwemo kabisa kwenye kitabu chao cha mbinu. Ilikuwa ya wapinzani wa wiki mbili nyuma. Wenzake walimtazama kama aliyeongea Kichina. Nilicheka jukwaani, mama yake akanifinya.

Kwenye ligi kubwa mambo ni hayo hayo, ila kwa kasi. Kocha anamsemesha kwotabeki kupitia spika iliyomo ndani ya helmeti, na sauti inakatwa saa ya kuanzisha mchezo ikibakiwa na sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake na watu 11 wanaomtaka. Anasoma mabeki, anawahamisha wenzake, anabadili mbinu kwa mdomo huku uwanja mzima unapiga kelele. Ujuzi huo haupatikani kwa kutazama. Unakuja kwa kurudia, na kurudia ni zamu, na zamu ni za namba moja.

Sasa turudi kwa Lance. Mwaka 2021 alikaa nyuma ya Jimmy Garoppolo, akaanza mechi mbili. Mwaka 2022 akapewa timu, na katika mechi ya pili, dhidi ya Seattle, akavunjika kifundo cha mguu. Pasi zote alizorusha kwa San Francisco ni 102. Jumlisha na za chuo unapata 420, na huyo ndiye anayeitwa aliyepewa kila kitu! Garoppolo akarudi, naye akavunjika mguu Desemba, akaingia Brock Purdy, aliyechaguliwa wa 262, yaani wa mwisho kabisa katika drafti ya mwaka huo. Purdy akashika namba na hakuiachia. Agosti 2023 Lance akauzwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne.

Watu wanapenda hadithi ya Purdy kwa sababu inaonekana kama muujiza wa mnyonge. Mimi naiona tofauti. Purdy alikuwa ameiongoza timu ya chuo cha Iowa State kwa misimu minne na kurusha pasi zaidi ya 1,400. Yule wa mwisho ndiye aliyekuja ameiva, na yule wa tatu ndiye aliyekuwa bado mbichi. Waliowapanga kwa thamani walitazama mkono na miguu.

Na Fargo tunajua zaidi ya hapo, kwa sababu Lance si wa kwanza kutoka hapa. Carson Wentz alichaguliwa wa 2 mwaka 2016 na Philadelphia, akiwa nyuma ya Sam Bradford. Siku chache kabla ya ligi, Teddy Bridgewater, kwotabeki wa Minnesota, akaumia goti vibaya mazoezini. Minnesota wakamnunua Bradford, na Wentz akaanza mechi ya kwanza. Alipata namba kwa goti la mtu wa klabu nyingine! Easton Stick, naye wa chuo chetu, alichaguliwa raundi ya tano mwaka 2019, akaenda klabu ya Chargers, akasubiri hadi msimu wake wa tano. Namba moja wao, Justin Herbert, alipovunjika kidole, Desemba 2023, Stick akaanza kwa mara ya kwanza. Wakafungwa na Raiders 63 kwa 21, na kesho yake kocha akafukuzwa. Herbert mwenyewe, kwa taarifa yenu, mwaka 2020 aliambiwa muda mfupi tu kabla ya mechi kwamba anaanza, baada ya daktari wa timu kumtoboa pafu kwa bahati mbaya Tyrod Taylor, namba moja wa wakati huo, alipokuwa akimchoma sindano ya maumivu ya mbavu. Taylor hakuirudisha nafasi ile.

Je, Lance bado anaweza kuwa namba moja? Sitawadanganya kwa sababu ya mapenzi: nafasi ni finyu. Klabu ni 32, kwa hiyo viti ni 32. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza anapewa mkataba wa miaka minne, na wa tano klabu ndiyo inayoamua baada ya msimu wa tatu. Dallas waliukataa mwaka wake wa tano. Mwaka 2025 akasaini Chargers, tena nyuma ya Herbert, na Herbert akiwa mzima ndiye namba moja. Watu watanitajia Sam Darnold, aliyechaguliwa wa 3 mwaka 2018, akazunguka klabu hadi akashinda mechi 14 kati ya 17 akiwa Minnesota mwaka 2024. Sawa, lakini Darnold alifika Minnesota akiwa ameshaanza mechi zaidi ya 50. Alikosea sana, kwa gharama ya wengine, na akajifunza. Lance hakupewa hata nafasi ya kukosea kiasi hicho. Mkiandika kwamba amechelewa, nitakubali. Mkiandika kwamba alipimwa akashindwa, ndipo tutagombana.

Ombi langu kwa dawati la michezo ni dogo: mkimwita kijana galasa, andikeni pembeni ya jina lake idadi ya pasi alizorusha.

Niishie hapa, maana juu ya kichwa changu kuna vishindo. Wiki hii mwanangu anamwigiza kwotabeki anayetumia mkono wa kushoto, na tangu saa mbili usiku anarusha soksi zilizoviringishwa kwenye kapu la nguo chafu. Hadi sasa amepata nne.

Msomaji wenu,
Fargo, North Dakota