Pikapu ya umeme inavuta na inasafiri, lakini si siku moja

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata mlipochapa ati samaki wa ziwa na wa bahari ladha ni moja nilinyamaza. Lakini ile makala ya pikapu za umeme, ile yenye picha ya kijana wa miwani kaegemea boneti, imenishinda. Mwandishi wenu anasema mtu wa kazi hana tena sababu ya kuwa na dizeli manake ya umeme inavuta mzigo, inasafiri mbali na inaokoa pesa. Inavuta, nakubali. Inasafiri, nakubali. Kuvuta na kusafiri kwa pamoja ndio kuna balaa, na hapo hajagusa hata kwa kidole.

Mimi natengeneza boti za faiba hapa Mtwapa. Wateja wangu wengi ni watu wa bara, Naivasha, Baringo, wachache Homa Bay. Boti inapanda trela, trela inafungwa nyuma ya pikapu, tunaanza kupandisha. Sasa nilipoona makala nikakaa na simu nikatafuta namba ambazo mwandishi wenu angezitafuta mwenyewe. Isuzu D-Max ya umeme, betri yake inabeba uniti 66.9 za stima, kampuni inasema kilomita 263 kwa kipimo cha Ulaya, na ati inavuta tani tatu na nusu. Hilux ya umeme ambayo Toyota waliionyesha mwisho wa 2025 ina betri ya uniti 59, kama kilomita 240 hivi, na kuvuta ni kilo 1,600 tu wakati ile ya dizeli ni 3,500. Boti yangu ya futi 23 na trela yake ni kama tani moja na nusu, ukiweka injini na makorokoro ya mteja Hilux hiyo ushaimaliza.

Na hizo kilomita ni za gari tupu, jamani! Ukifunga trela nyuma, hasa kitu kirefu kinachopigwa na upepo kama boti, hesabu nusu. Wamarekani wamejaribu hili mpaka wamechoka. Ford F-150 Lightning ilipotoka 2022 ilisifiwa kilomita 515 na kuvuta kilo 4,500, watu wakaifunga nyumba zao za magurudumu nyuma wakakuta nusu ya safari imekwenda, wengine zaidi ya nusu. Desemba 2025 Ford wenyewe wakatangaza wanaachana na ya umeme mtupu, ijayo itabeba jenereta ya petroli ndani. Hao wana barabara na chaja kila pembe. Sasa wewe chukua hiyo 263 ukate nusu, utoke Mtwapa asubuhi. Ukibahatika utafika Maungu. Voi utaiona kwa ramani.

Tena hiyo nusu ni ya barabara ya sawa. Sisi tunatoka mita sifuri, baharini kabisa, tunapanda mpaka Limuru zaidi ya mita 2,200 ndio tuteremke Naivasha. Pikapu, boti, trela na watu ni tani nne. Kuzinyanyua tani nne mpaka pale juu pekee kunakula kama uniti 24, hujahesabu upepo, hujahesabu matairi, hujawasha ac. Hiyo ni zaidi ya thuluthi ya betri ya D-Max imeishia kupanda kilima tu. Watasema ukishuka gari linajichaji. Najua linajichaji. Lakini mimi nikishuka nashuka na trela tupu, boti nimeiacha ziwani, kwa hivyo umeme mwingi naudai wakati wa kupanda na narudishiwa kidogo wakati sina shida nao.

Siongei ya kusikia. Kuna mteja wangu mwenye hoteli huko Naivasha, kanunua pikapu ya umeme, jina la gari silitaji, akakataa katakata kulipia gari la dizeli. Ati lake litakuja lenyewe na dereva, mafuta bure. Nikaenda nao manake boti lazima niikabidhi majini mimi mwenyewe. Tunatoka, skrini ya mbele ya dereva inasema tuna zaidi ya kilomita mia tatu. Mazeras hatujapita vizuri namba ishaanza kuanguka kilomita mbili kwa kila moja tunayokwenda, Mariakani dereva akazima ac, na hapo ndio kwanza tunaingia Taru na lile joto lake, madirisha tukafungua upepo ukaingia ikawa tunakula betri zaidi tukafunga tena, tukashuka mwendo mpaka hamsini, malori ya kontena yanatupigia honi na kutupita kwenye kona na hata yale ya simiti yakatupita, dereva kijana wa watu jasho linamtoka na macho yako kwenye ile namba tu wala si barabarani. Voi tuliingia gari linalia ti ti ti ti. Chaja ipo, ndani ya parking ya hoteli, na hapa ndio nataka mwandishi wenu anisikilize vizuri: chaja yenyewe imewekwa mwisho kabisa, ukutani, kwenye nafasi ya gari dogo moja la saluni, unaingiza pua ya gari na waya wenyewe mfupi. Gari lenye trela haliingii pale hata upige dua. Lazima ufungue trela. Tukafungua, kale kagurudumu ka mbele ka trela kakazama kwenye kokoto mpaka ekseli, tukatafuta mbao, tukatafuta mawe, jeki ya gari haifiki, boti imelala upande kama inataka kupinduka nchi kavu, na askari wa geti amesimama juu yetu anasema boti ilipe parking yake kwa sababu ni gari la pili! Tukimaliza hayo yote tunageuka, kuna mzee kachomeka saluni yake pale, yuko ndani anakula. Tukamngoja. Akatoka na kijiti mdomoni taratibu, akatuuliza hiyo boti ni ya mto gani.

Chaja ilikuwa ya polepole, tukalala kwenye viti na mbu. Alfajiri kufunga trela tena kwa tochi ya simu, kufika Mtito Andei tumebaki na asilimia za kuhesabu na soketi iliyokuwepo ni ya kuchaji simu. Nikampigia jamaa yangu mwenye Hilux kuukuu ya dizeli akaja akaichukua boti. Ile ya umeme ikabaki Mtito inanyonya soketi ya mgahawa, na baadaye, kwa vile sasa iko tupu, wallahi ilitukuta njiani karibu na Emali ikatupita kama mshale.

Na tukiongea stima tuongee yote. Wenye magari ya umeme walishatengewa bei yao maalum ya stima tangu 2023. Vizuri. Mimi mwenye karakana ambaye nimeajiri vijana na nalipa leseni bei yangu iko wapi? Nanunua tokeni kama mtu anayepasha moto wali. Na hiyo stima yenyewe ikikatika nikiwa nimeshapaka rezini, ile gundi ya faiba, na pampu ya kufyonza hewa inafanya kazi, kazi imekwisha, rezini haingoji mtu, inaganda na mapovu ndani, nachukua grenda nakata ubavu mzima wa boti natupa. Hakuna anayeniuliza. Agosti 2023 nchi nzima ilizimika mpaka uwanja wa ndege wa JKIA wasafiri wakakaa gizani, mimi siku hiyo nilikuwa na boti mbili kwenye kalibu. Halafu mnaniambia safari yangu nayo niitundike kwenye waya huohuo.

Msinielewe vibaya, sichukii umeme. Bodaboda za umeme ziko, tuktuk ziko, mabasi Nairobi yanabeba watu kila siku, kwa mtu anayezunguka mjini na kulala kwake ni kitu safi. Hata ile pikapu, pale penye mlima ilikuwa inavuta bila kuguna, dizeli yangu ingetoa moshi mpaka Kilifi waone. Nguvu si tatizo. Tatizo ni kwamba ile nguvu inaisha katikati ya mbuga na huwezi kuitia kwenye jerikeni.

Dawa ni rahisi. Wawekeni chaja Mariakani pale mizani, malori yanakaa foleni pale hata hivyo, na nyingine Mtito na Emali, na ziwe za kupita moja kwa moja kama pampu ya petroli, unaingilia huku unatokea kule, nafasi ya mita 16 isipungue, chini zege siyo kokoto. Na mtu akimaliza kuchaji akaendelea na biriani yake ndani, atozwe kwa kila kijiko.

Mpaka hapo namwomba mwandishi wenu aje Mtwapa na pikapu yoyote aliyoisifia. Boti ya futi 23 iko tayari, ya rangi ya buluu, mteja wake anaingoja Naivasha. Namfungia trela mwenyewe, sitamtoza chochote. Parking ya boti Voi atalipa yeye.

Fundi wa boti,
Mtwapa