Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: msimu ujao tunaingia na mkono mmoja tu

Shikamoo Afisa Michezo wetu. Naandika hapa hadharani badala ya kuileta ofisini kwa sababu hili jambo linawahusu pia wazazi, walimu wa michezo wa shule zetu na vijana wenyewe, nataka wote walisome kwa pamoja. Mi ni mmoja wa tunaojitolea kuwafundisha vijana besiboli hapa Mtwara mjini. Najua wengi wakisikia besiboli wanauliza huo mchezo wa Wamarekani na Wajapani unatuhusu nini sisi watu wa Kusini, lakini vijana wapo, jioni wanakuja, na msimu ujao tunataka kwenda Dar kucheza na wenzetu pale Azania sekondari kwenye kile kiwanja cha besiboli kilichojengwa kwa msaada wa Japani. Ni zaidi ya kilomita 500, sio safari ya kwenda kutalii. Kwaiyo naomba nikuelezee kikosi kilivyo, kizuri chake na kibovu chake, bila kuficha, afu nikuombe kitu ambacho ofisi yako inaweza kukifanya bila hela nyingi.

Mazuri kwanza, mana yapo. Mbio tunazo. Toka beisi moja, yani kituo cha kukimbilia, hadi nyingine ni mita 27 na kidogo, na hawa watoto wamekulia kwenye chandimu mchangani Ufukoni na Chuno, mrushaji wa timu pinzani akinyanyua mguu tu dogo keshachomoka, kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mipira, anaachia mpira dogo keshateleza kwenye beisi ya pili. Nyuma kabisa uwanjani, wale watatu wa kudaka mipira mirefu, sina wasiwasi nao hata kidogo. Wa kulia anatoka Magomeni, wa kushoto Likombe, na katikati yuko yule mrefu wa Mikindani ambaye mpira ukipigwa juu, hata upepo wa bahari uusukume vipi, ye yuko chini yake anausubiri. Ukimwona siku moja utanielewa.

Kupiga nako tunapiga, ila hapa niseme ukweli wote. Mpira ulionyooka, hata ukija kwa kasi, vijana wetu wanaukuta. Mpira unaopinda ukishakaribia, au unaokuja polepole wakati umejiandaa kwa kasi, huo unatumaliza, wanazungusha fimbo mapema mpira haujafika, straiki (kakosa), straiki, auti (katolewa). Na watajifunzia wapi kuupiga mpira unaopinda wakati mazoezini hakuna wa kuwarushia mpira wa namna hiyo? Hapo ndo unaanza kuona shida yetu ilipo.

Shida yetu ni kwamba tuna mrushaji mmoja.

Kwa ambao hawaujui mchezo, mrushaji ndo anayesimama pale katikati, mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji, na kila kitu kinaanza kwake, asiporusha hakuna mchezo. Wa kwetu ni kijana wa Naliendele, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, mpole, msikivu, na ana mkono ambao mi sijauona kwa kijana mwingine hapa mjini. Anarusha mechi nzima. Kesho yake kukiwa na mechi nyingine anarusha tena. Ukimuuliza unaumwa anasema hapana mwalimu. Na mi namuona akimaliza anavyoushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaukandakanda kiwiko akidhani hatumwangalii.

Nimekaa na hili jambo muda mrefu, nikasoma wenzetu wanafanyaje. Marekani, mwaka 2014, ligi yao kuu na chama chao cha USA Baseball walitoa mwongozo unaoitwa Pitch Smart, unasema kijana wa miaka 15 na 16 asirushe zaidi ya mipira 95 kwa siku, na akishavuka 75 apumzike siku 4 kamili kabla hajarusha tena kwenye mechi. Siku nne! Sisi wa kwetu akipumzika usiku mmoja tunaona kapumzika. Na hawakuyaandika yale kwa kuwadekeza watoto. Mrushaji akizidishiwa, kano ya ndani ya kiwiko inachanika kidogo kidogo hadi siku inakatika. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe kule Los Angeles ndo alimfanyia mrushaji Tommy John upasuaji wa kwanza wa kuirudishia hiyo kano, na yule alikuwa mtu mzima, analipwa, ana madaktari wa timu, bado alikaa nje msimu wote wa 1975 ndo akarudi 1976. Huyu wa Naliendele baba yake ana mikorosho, ndo utajiri wao, kiwiko kikikatika namwambia nini yule mzee?

Kuna timu moja ya Japani nataka wazazi na wewe Afisa Michezo muijue kwa sababu naiona ndani yake timu yetu. Shule ya kilimo ya Kanaashi, mkoa wa Akita, mbali na miji mikubwa. Mwaka 2018 walikwenda kwenye yale mashindano makubwa ya sekondari pale uwanja wa Koshien wakafika hadi fainali na mrushaji wao mmoja, Kosei Yoshida, nchi nzima ikawashangilia. Mechi 6 ndani ya wiki mbili hivi, mipira 881, mkono mmoja. Fainali wakakutana na Osaka Toin, shule yenye warushaji watatu wa maana, wakafungwa 13 kwa 2. Yoshida alikuwa na moyo, alikuwa na kipaji, mkono wenyewe ndo ulikuwa umekwisha. Wajapani wenyewe baada ya mijadala mirefu wakaweka sheria kwamba kuanzia 2020 mwanafunzi asivuke mipira 500 ndani ya wiki moja. Yani nchi inayoupenda huu mchezo kiasi kile ilibidi ijizuie, sisi wa kujizuia tunaanza lini?

Sasa kuna ndugu zetu wanatushauri tutafute vijana wapigaji, majitu yenye mabega, tukapige mipira itoke nje ya uwanja. Nawaheshimu lakini nakataa. Wapigaji tunao wa kutosha, na hata ukiniletea mpigaji bora Tanzania nzima, ye zamu yake ya kupiga inakuja mara tatu au nne kwa mechi, mrushaji anaugusa mchezo kila mpira. Nafasi yoyote ya kusajili tuliyo nayo msimu ujao iende kwa warushaji, wawili wapya, watatu ikiwezekana. Tukiwa nao watatu huyu wa Naliendele anarusha siku yake anapumzika, wapigaji wetu mazoezini wanakutana na mikono tofauti, mpira unaopinda wanauzoea. Matundu mawili yanazibwa na kiraka kimoja.

Na hawa warushaji, Afisa Michezo, wapo hapa hapa Mtwara. Wewe unawajua kuliko mimi. Wako kwenye mpira wa mikono. Wako kwenye kurusha mkuki. Mwaka 2021 mkoa wetu ulipokea vijana wa nchi nzima kwenye michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, na siku zote zile macho ya watu yalikuwa kwenye soka, lakini ukienda kwenye mpira wa mikono unaona watoto wanaruka juu wanarusha mpira golini kwa nguvu na kwa shabaha huku mtu kawakumbatia kiunoni, mkono unapita juu ya bega vizuri kabisa. Mtoto kama huyo kumfundisha kurusha mpira mdogo wa gramu 145 ni suala la miezi, wakati kumfundisha kurusha mtu ambaye maisha yake yote ametumia miguu ni suala la miaka. Wa mkuki nao vile vile, ingawa hao inabidi uwapunguzie mkimbio na uangalie kiwiko wasije wakaumia. Na wenye mashoto! Ukimwona mtoto wa mashoto anarusha vizuri popote pale Manispaa hii niite hata usiku, mana wapigaji wengi wamezoea mpira unaotoka mkono wa kulia.

Ombi langu ndo hilo basi. Naomba uwaite walimu wa michezo wa sekondari zetu kikao kimoja, kabla ya mwezi wa 10, uwaombe kila mmoja alete majina ya vijana wake wa mpira wa mikono na wa mkuki ambao hawakupata nafasi ya kwenda mbele na timu za mkoa. Nasisitiza ambao hawakupata nafasi, hatutaki kumnyang'anya mwalimu yeyote mchezaji wake. Tuwape asubuhi moja ya Jumamosi kiwanjani, tuwaone wanavyorusha, tuongee na wazazi wao. Mwezi wa 10 nautaja makusudi, korosho zikianza kudondoka nusu ya watoto wanahamia shambani na wazazi, na hatuwezi kuwalaumu, hiyo ndo ada, hiyo ndo sare, hiyo ndo sukari ya nyumbani. Tukichelewa tutawapata baada ya mwaka mpya, na mrushaji wa miezi miwili sio mrushaji.

Sijamaliza udhaifu. Kecha wetu, dogo wa Vigaeni, ni jasiri sana lakini kinga ya kifua aliyo nayo ni kubwa kuliko yeye na ya magoti hana kabisa, anachuchumaa kupokea mipira ya kasi ile magoti yakiwa wazi. Sikuombi ununue vifaa vya timu nzima, naelewa bajeti ya michezo ina watu wengi wanaoisubiri. Lakini seti moja ya kecha, maski, kifua na magoti, ya saizi ya kijana, kama kuna mdau anakuja ofisini kwako anauliza asaidie nini, mtajie hiyo kabla ya jezi. Jezi tutavaa hata fulana. Na ujue hili nalo linarudi kule kule kwenye urushaji, kwa sababu kecha akiogopa mpira ulioshuka chini, mrushaji naye anaogopa kuurusha chini, na mpira wa chini ndo unaowasumbua wapigaji.

Wa ndani, wale wanne wanaolinda beisi, mmoja ni mzuri kweli, yule wa Chikongola anayesimama kati ya beisi ya pili na ya tatu. Wengine watatu mpira wa kubiringika wanaupokea huku wamegeuza uso, na siwalaumu, kiwanja chetu kina vimawe na mashimo, mpira unakuja chini ghafla unaruka usoni. Hili nadhani tunaweza kulipunguza wenyewe kwa besiboli faivu, ule mchezo wa watu watano kwa watano, wavulana na wasichana pamoja, unaupiga mpira wa raba kwa mkono, hakuna fimbo hakuna glavu, eneo la mita 18 kwa 18 linatosha. Sakafu yoyote ya saruji ya shule inafaa. Mtoto akidaka mpira wa raba kwa mikono mitupu mwezi mzima woga unamtoka. Na nikuongezee kitu, huo mchezo umewekwa kwenye Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, sasa kama kuna mchezo wa bei rahisi wa kuuingiza kwenye shule zetu za msingi na wasichana wakapata nafasi sawa sawa na wavulana, mi sijaona mwingine. Hilo tuliongee siku yake.

Nikirudi kwa huyu kijana. Kwa upande wetu sisi wanaojitolea tumeshaamua, kuanzia sasa kila mpira anaorusha kwenye mechi unahesabiwa na kuandikwa kwenye daftari, akifika 75 anatoka, hata kama tunaongoza, hata kama nyuma yake hakuna wa maana na tutafungwa. Wazazi mtakaokuja kuangalia naomba msitupigie kelele tumrudishe. Tutafungwa mechi kadhaa, hilo naliona kabisa, na ndo maana nawahitaji hao wengine mapema.

Afisa Michezo, ukikubali kikao, sisi tutakuja na mipira, na daftari, na huyo kijana wa Naliendele mwenyewe awaonyeshe walimu kushika mpira na kuuachia kunavyokuwa. Hatarusha. Ataonyesha tu.

Wako katika michezo,
Mwalimu wa kujitolea, timu ya vijana ya besiboli, Mtwara mjini