Ajira mpya msimtupie darasa la kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niwasemee walimu wa ajira mpya, maana wakitangazwa tunashangilia idadi, wakisharipoti vituoni hakuna anaeuliza nani anawafundisha kazi.

Nafundisha shule ya msingi na nina miaka mingi kazini, na karibu kila shule niliyopita nimekuta mtindo ni ule ule: mgeni akifika anapewa kile ambacho wenyeji wamekikimbia, na kinachokimbiwa ni darasa la kwanza. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa ya chini yamefurika, watoto mia na ushee chumba kimoja wala sio ajabu, alafu unamuweka humo kijana katoka chuo, uzoefu wake ni BTP tu, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuoni, na huko BTP kwenyewe alipewa Sayansi darasa la tano, ndo eti akawafundishe watoto kusoma. Jamani KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ni ufundi. Mtoto anafundishwa sauti ya herufi sio jina lake, aunganishe silabi, wewe ujue huyu asogee mbele na yule arudishwe nyuma, na huku kuna wanaoomba kwenda chooni na wawili wanapigania penseli. Hayo kwenye andalio la somo hayapo. Na ukikosea hapo huyo mtoto atafika darasa la nne anakariri tu.

Kuna watu watasema siku hizi walimu wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira kwa hiyo wanaoingia wako vizuri. Sawa, wako vizuri, lakini usaili unapima anachokijua, haumfundishi kukaa na watoto 120.

Sasa njoo kwenye semina. Barua ikija anaenda nani? Wale wale kila siku, maana kuna posho (tusidanganyane hapa), ajira mpya anabaki kushika madarasa ya waliosafiri. Wakirudi wanatoa mrejesho dakika kumi kwenye kikao cha stafu, makabrasha yanaingia kabatini, kwisha. Mtaala mpya ulipoanza Januari 2024, na darasa la kwanza likiwemo, nilishuhudia hivyo hivyo, anaefundisha darasa lenyewe kabaki, asiefundisha ndo kaenda.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mimi siipingi, kiukweli wazo la walimu kufundishana hapo hapo shuleni ni zuri kuliko semina za ukumbini, na Taasisi ya Elimu (TET) wameweka mpaka masomo mtandaoni. Ila huku chini mnakaa mchana mmeshachoka, mnasaini mahudhurio, picha inapigwa inarushwa kwenye grupu la kata ionekane jumuiya ya kujifunza imekaa, basi. Hayo masomo ya mtandaoni nayo yanataka bando, na huyu mgeni pengine hata mshahara wa kwanza haujasoma.

Ninachoomba ni kwamba muhula wa kwanza ajira mpya apunguziwe vipindi, akae darasani na mwalimu mzoefu, aangalie, apewe nusu kipindi aangaliwe, jioni waambiane ukweli. Huyo mzoefu nae kazi yake ihesabike, iingizwe kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kama jukumu lake la mwaka, sio aambiwe tu "msaidie mwenzio" alafu kwenye tathmini hakuna kitu, nani atajitesa bure?

Najua shule nyingine zina walimu watano tu kwa madarasa yote saba, hapo kupunguziana vipindi ni ndoto. Lakini hapo hapo kijijini utakuta mama mstaafu aliyefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, saivi anafuga kuku. Muiteni asubuhi mbili kwa wiki akae na huyo kijana, mpeni nauli na chai, nina uhakika wengi watakuja kwa furaha.

Na TAMISEMI watoe waraka, hata wa ukurasa mmoja, kwamba mwalimu ambae hajamaliza mwaka kazini asikabidhiwe darasa la kwanza peke yake. Hiyo haihitaji bajeti wala mfadhili, shule zikifunguliwa Januari mwalimu mkuu anabadilisha ratiba kazi inaanza.

Mwalimu wa darasa la pili,
Singida