Unga wa bakteria usiuziwe watoto wetu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu bakteria wa tumboni na unene wa vijana niliifurahia mpaka aya ya mwisho, pale mwandishi alipomshauri msomaji atafute "unga wa bakteria wazuri" ili apunguze unene. Nafundisha baiolojia katika sekondari ya wasichana hapa Moshi, na unga huo naujua. Muhula huu matroni amekuta makopo yake kwenye matranka bwenini. Binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa macho yangu hana unene wowote wa kumsumbua, alinunua lake kwa shilingi 45,000 kupitia simu ya dada yake. "Madam, wanasayansi wamethibitisha," akaniambia.

Nikamuuliza wamethibitisha nini. Akanitajia panya. Alichosikia ni kweli, ila kimekatwa mkia. Mwaka 2013 maabara ya Jeffrey Gordon, mjini St. Louis, Marekani, ilichukua kinyesi cha mapacha, mmoja mnene na mwenzake mwembamba, ikakipandikiza kwa panya waliolelewa bila kijidudu hata kimoja. Panya waliopewa cha mnene wakajaza mafuta kuliko wale wengine. (Hapa darasa zima huziba pua, ndipo linaanza kusikiliza.) Kisha makundi yote mawili yakawekwa kizimba kimoja. Panya hula vinyesi vya wenzao, kwa hiyo bakteria wa wembamba wakahamia kwa wale wengine na kuwazuia wasinenepe. Mkia wenyewe ni huu: hayo yalitokea walipolishwa chakula chenye mafuta machache na nyuzinyuzi nyingi. Walipolishwa mafuta mengi na mboga kiduchu, kinga ile haikuonekana.

Na kwa binadamu wa rika la wanafunzi wangu? Huko Auckland, New Zealand, vijana 87 wenye unene uliokithiri, wa miaka 14 hadi 18, walimezeshwa vidonge. Baadhi vilikuwa na bakteria kutoka kinyesi cha watu wembamba wenye afya, vingine havikuwa na kitu. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: baada ya wiki 6, uzito kwa kulinganisha na urefu haukutofautiana kati ya makundi hayo. Mgawanyo wa mafuta mwilini ulibadilika kidogo, ya tumboni yakapungua, na hilo linastahili kuendelea kuchunguzwa. Lakini vijana wale walikuwa mikononi mwa madaktari. Kopo la binti yule halina hata jina la bakteria aliyemo.

Bakteria naye anakula. Nyuzinyuzi ambazo tumbo letu haliwezi kuzisaga hufika utumbo mpana, akazichachua na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kusaidia mwili kujua umeshiba. Ukimmeza asubuhi, mchana ukala chipsi na soda, umemwalika mgeni nyumba isiyo na chakula.

Mwandishi wenu alikwenda mbali ilhali jibu limechunguzwa hapa Kilimanjaro. Utafiti uliotoka mwaka 2025 uliwachukua wanaume 77 wenye afya. Wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili, damu yao ilianza kuonyesha dalili za mwili unaojihami kana kwamba umevamiwa. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili, dalili hizo zikapungua. Hata mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wiki moja ilileta nafuu. Unene haukuwa swali lao, na mbege si ya wanafunzi, wazee wangu wa Kibosho wanisamehe.

Sasa tazama sahani ya mwanafunzi. Ugali wetu shuleni ni wa sembe, uliokwishaondolewa pumba. Maharage nusu yanamwagwa, kwa sababu binti ameshajaza tumbo kwa biskuti na krispi za duka la shule, huku mama wa ndizi na karanga akifukuzwa getini na mlinzi. Nimepeleka ombi kwenye bodi: ugali wa dona, yaani unga usiokobolewa, angalau siku tatu kwa wiki, na huyo mama aruhusiwe ndani saa nne. Bei ya kopo moja, kwa maharage ya soko la Mbuyuni, ni kilo kumi na tano.

Kwenu nina ombi moja. Ukurasa uleule wa makala, chini kulia, kulikuwa na tangazo la unga wa namna hiyo lenye picha ya msichana aliyevaa sare ya shule. Liondoeni.

Mwalimu wa baiolojia,
Moshi